Aliyeigusa Ramani ya Dada Sikio

Video yenyewe haikufika hata dakika moja. Gari la kijivu la milango miwili, la Kijapani, linakata upepo kwenye uwanja wa ndege wa zamani, pale wapenda mbio wanapokutana Jumamosi asubuhi. Mara unasikika mlio kama sufuria imeangushwa sakafuni, moshi unatanda, na mwenye gari anashuka kajishika kichwa. Chini ya video akaandika yeye mwenyewe, daktari wa meno: "Hii ndiyo kazi ya Dada Sikio. Injini imenoki. Nilionywa nisimpe mwanamke gari langu, nikajifanya sisikii."

Kundi hilo la mtandaoni la wenye magari ya turbo lina watu zaidi ya elfu. Kabla ya adhuhuri kila mwenye kidole alikuwa ameshatia neno. Mmoja aliweka picha ya mwiko. Mwingine akasema afadhali dada arudi kwenye kutengeneza redio. Na wale ambao magari yao yalikuwa yakiunguruma vizuri kwa kazi ya mikono yake, wote wakafyata ulimi.

Dada Sikio aliisoma akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, akimnunulia mama yake matone ya macho. Aliisoma mara mbili. Muuzaji alimwita mara tatu asisikie, yeye ambaye masikio yake ndiyo yaliyompa jina.

Kweli alianzia kwenye redio. Alikuwa akitengeneza redio na televisheni kwenye kibanda cha mbao, hadi siku kaka yake mwenye gereji alipoletewa gari lenye kompyuta ambayo hakuna fundi aliyeweza kuisoma. Unajua, kompyuta ya injini inayotoka na gari kiwandani imefungwa, haikubali kuguswaguswa. Wapenda mbio huing'oa wakaweka nyingine ya kununua kando, ambayo fundi huifungua kwa laptopu na kuiamuru: petroli imwagwe kiasi hiki, cheche iruke wakati huu, turbo isukume hewa kwa presha hii. Majedwali hayo ya namba mafundi huyaita ramani. Kaka alimwita dada yake kwa sababu aliona nyaya nyingi tu. Dada akakaa na lile gari wiki nzima, kamusi pajani, akisoma maelekezo ya Kiingereza neno kwa neno. Lilipowaka na kutulia kama paka, kaka aliruka akamkumbatia mbele ya mafundi wote.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu hapo. Chumba cha nyuma cha gereji kilikuwa chake: mashine ya roli, mapipa ya chuma yanayozunguka, iliyozamishwa sakafuni, ambayo gari hukimbizwa juu yake likiwa limefungwa kwa minyororo, feni kubwa la kupoza, meza, na zile spika za kuvaa masikioni. Alikuwa akifunga kinasa sauti kidogo kwenye ubavu wa injini, anavaa spika, anafumba macho na kusikiliza. Injini inayolazimishwa kupita uwezo wake hugonga kwa ndani, mlio mdogo sana, kama kokoto ndani ya kopo. Ukiusikia, unarudi nyuma. Usipousikia, pistoni zinatoboka.

Gari la daktari alikuwa amekaa nalo siku tatu.

"Fundi, ongeza kidogo," daktari alimwambia siku ya tatu, akinyoosha shingo kutazama laptopu. "Jamaa zangu turbo zao ziko kwenye presha ya moja nukta sita. Wewe umeniachia moja nukta moja. Nitaonekana nimekuja na baiskeli."

"Jamaa zako wana pistoni za kufuliwa, zile ngumu, daktari. Wewe una zile za kiwandani, na petroli ya kituo cha kawaida. Nikipandisha, itagonga."

"Kidogo tu."

"Mimi nimeshamaliza. Ukitaka zaidi, badilisha pistoni kwanza, kisha tuongee."

Daktari aliondoka kanuna, lakini gari lilikuwa zima. Zima kabisa. Na ndiyo maana Jumamosi ile, kutoka duka la dawa, Dada Sikio hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gereji, roho juu.

Kaka yake alikuwa amekaa ofisini, simu mkononi. Alikuwa ameshaiona video.

"Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Sikai. Lile gari liko wapi? Nataka kufungua kompyuta."

"Limevutwa hadi kliniki kwake. Sikiliza," kaka alisema kwa sauti laini, ile ya kumbembelezea mteja. "Mambo ya mtandaoni ni upepo, yatapita. Andika tu kwamba ulikosea kidogo kwenye ramani, kila fundi hukosea. Mimi nitamtafutia injini nyingine, yaishe."

"Nikiri kosa ambalo sijafanya?"

"Ni maneno tu. Yanakuuma nini?"

Alimtazama kaka yake. Miaka kumi na moja hajawahi kumsikia akitoa injini ya bure kwa mtu yeyote, hata kwa shemeji zake. Na hakuwa ameuliza kitu: hakuuliza presha ilikuwa ngapi, wala daktari alikuwa akiendeshaje. Alitaka kumuuliza kwa nini, akaacha. Huyu ni kaka, tumbo moja, akajiambia. Akatoka bila kuaga.

Jumatatu wateja wawili walipiga simu kusema wameahirisha. Wa tatu hakupiga. Alituma binamu yake kuchukua gari. Jumanne asubuhi Dada Sikio alitia laptopu na waya wake kwenye mkoba akaenda kliniki ya meno.

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa saa mbili unusu, katikati ya mama mwenye shavu kama puto na mzee aliyekuwa akiugulia kwa zamu, mara yeye, mara mkewe aliyemsindikiza. Msaidizi wa mapokezi alimuuliza jino gani.

"Si jino. Mwambie daktari nimekuja kutazama nilichoua."

Daktari alitoka mwenyewe, barakoa kidevuni, macho yakikimbia huku na huku.

"Dada, hapa ni kazini kwangu."

"Na wewe umekwenda kazini kwangu ukanipaka matope mbele ya watu elfu moja. Sijaja kugombana. Nipe funguo na dakika ishirini. Ukikuta kosa ni langu, nitaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa."

Wagonjwa walikuwa wameacha kuugulia, wanasikiliza. Daktari akatoa funguo mfukoni upesi upesi.

Gari lilikuwa kwenye maegesho nyuma ya kliniki, limefunikwa turubai kama maiti. Dada Sikio aliketi kwenye kiti cha dereva, akachomeka waya, akawasha swichi. Injini ilikuwa imekufa, lakini kompyuta haikufa nayo. Kompyuta za aina ile hutunza kumbukumbu: nani kaifungua, siku gani, kabadilisha nini.

Presha ya turbo: moja nukta sita. Cheche imesogezwa mbele. Na kinga ya injini, ile inayoipunguzia nguvu yenyewe injini inapoanza kugonga, imezimwa. Imezimwa kabisa! Akashuka mpaka mstari wa tarehe. Alhamisi, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Siku mbili kabla ya mbio. Na namba ya mashine iliyofanya kazi hiyo aliijua kama namba ya nyumba yake. Ilikuwa laptopu hii hii iliyokuwa mapajani pake.

Alhamisi saa tano na dakika arobaini yeye alikuwa hospitali ya macho, amemshika mama yake mkono wakati wanamwondolea mtoto wa jicho. Laptopu aliiacha mezani, chumba cha nyuma. Neno la siri walilijua watu wawili tu duniani.

Daktari alikuwa ameshafika, amesimama kando ya mlango.

"Alhamisi ulipeleka gari gereji?" alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Nilipeleka. Si kaka yako aliongeza zile nguvu? Alisema mmeshaongea, umekubali. Akaniambia wewe ni mwoga tu, lakini ukibanwa unakubali."

Dada Sikio aliifunga laptopu taratibu. Akashuka garini.

"Kwa hiyo ulijua ramani imeguswa baada yangu. Ulijua aliyeigusa ni mwanamume. Na bado ulipokaa kuandika, ukaandika mwanamke?"

Daktari aliipandisha barakoa, akaishusha tena.

"Nilidhani... ni gereji moja, dada. Nilikuwa na hasira."

"Hasira?" alisema. "Subiri uone ya kwangu."

Aliingia gereji saa saba mchana, mafundi wakiwa wanakula. Hakumwita kaka yake pembeni. Aliiweka laptopu wazi juu ya boneti ya gari lililokuwa karibu.

"Kaka, njoo usome. Soma kwa sauti."

Kaka alisogea, akasoma kwa macho, akaangalia chini. Mafundi wakaacha kutafuna.

"Mteja alitaka kuhama," alisema mwishowe. "Wewe umekuwa mgumu siku hizi, kila kitu hapana, hapana. Nimekuona ukifanya mara mia, nikadhani..."

"Ukazima kinga."

"Taa ilikuwa inawaka waka, gari likawa linakata nguvu..."

"Ilikuwa inakuambia unaua injini! Haya, hukujua, umeiua. Injini ni chuma, itanunuliwa nyingine. Lakini Jumamosi ulinikalisha pale ofisini, ukanitazama usoni, ukaniambia nikiri. Wewe, kaka! Wanaweka picha ya mwiko, na wewe unasoma, unajua, umekaa kimya!"

"Gereji ina jina langu," kaka alisema kwa sauti ndogo. "Lako likichafuka, watu watasema mwanamke, wataelewa. Langu likichafuka, tunakula wapi sote?"

Alilisema hilo kama mtu anayetoa hesabu ya kawaida kabisa, na Dada Sikio anasema hadi leo ni hilo, kuliko injini na uwongo, lililomkata maini.

Jioni ile kaka alimwahi mama. Dada Sikio alipofika nyumbani alimkuta ameketi karibu na kitanda, ameinama, na mama, jicho moja bado limefungwa bandeji, ameshaanza maneno ya kusuluhisha.

"Mwanangu, huyu ni kaka yako. Ya ndani yabaki ndani."

"Mama, ya ndani yako kwenye simu za watu elfu moja. Muulize alifanya siku gani."

Mama aligeuza jicho lile zima. "Siku gani?"

Kaka alijikuna shingo. "Alhamisi."

"Alhamisi ya jicho langu?" Mama akaigusa bandeji. Kisha akasema polepole, "Nilikuomba unisindikize, ukasema una kazi nyingi gereji. Kumbe kazi ndiyo hiyo. Mwenzako ananishika mkono, wewe huku unamchimba." Akavuta shuka. "Nenda kaseme ulichofanya. Usirudi kunisalimia kabla hujasema."

Kaka alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi kesho yake. Alisema "kulitokea kutoelewana kidogo kiufundi" na kwamba gereji itambadilishia mteja injini. Ndiyo hivyo tu. Hakusema "ni mimi". Dada Sikio aliusikiliza mara moja, kisha akaweka picha za kumbukumbu yote, mstari kwa mstari, akaandika chini yake: "Alhamisi saa tano na dakika arobaini nilikuwa hospitali na mama yangu. Aliyegusa ni kaka yangu. Mwenye gari alijua. Ulizeni swali lolote." Swali halikuulizwa. Wa mwiko alifuta picha yake kimya kimya. Daktari aliandika samahani ya maneno manne, akaifunga na kialama cha mikono iliyounganishwa. Kati ya wale wote waliocheka, waliomwomba radhi walikuwa watatu.

Mwezi haukuisha alikuwa ameng'oa mashine yake ya roli na kuhamia bohari la zamani la mbao, mtaa wa pili. Wifi yake, mke wa kaka, ndiye aliyemsaidia kufagia vumbi la mbao siku mbili mfululizo. Wateja walirudi, wengine wakijifanya hamnazo, wanapiga hodi kama hawakuwahi kuahirisha. Anawapokea. Kazi ni kazi.

Daktari wa meno alikuja pia, gari likiwa na injini mpya, akataka awekewe ramani ya moja nukta moja.

"Gereji ni ile ya mtaa wa kwanza," alimwambia, akavaa spika zake. "Fundi wako yupo."

Na kaka yake wanakutana kwa mama siku za Jumapili. Anamsalimia, anampisha kiti. Mama humuuliza mara kwa mara, akiwa anamtazama kwa macho yote mawili sasa, kama hasira imeisha.

"Bado, mama," humjibu. "Ikiisha nitakuambia."