Taa za Teksi ya Baba

"Mbona ni baba yako peke yake anayeziona zimefifia?" Fundi Mbwana aliniuliza hivyo alasiri moja ya miaka ya themanini, uani kwetu Likoni. Mwanangu, siku hizi nimechoka kubishana, lakini wakati ule ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya fizikia, na hakuna neno lililonipita bila kulihoji.

Baba alikuwa na teksi kuukuu yenye taa mbili za duara. Alinipa ufunguo akasema taa zimefifia, anaogopa atakuja kugonga mtu akirudi nyumbani magharibi. Nikafungua boneti kwa furaha. Umeme huenda kwenye taa kwa waya, lakini hurudi kwenye betri kwa kupitia bati la gari lenyewe. Nati inayoshika waya kwenye bati ikiliwa na kutu, taa hupungukiwa na umeme. Na kwetu hewa ya chumvi haisazi nati. Nikaifungua, nikapiga msasa hadi bati likang'aa, nikapaka grisi. Nikapima kwa mita: umeme wote ulikuwa ukifika.

Kesho yake baba akasema, "Bado, mwanangu."

Nikabadilisha nyaya za swichi, zilizokuwa zimekakamaa kwa joto.

"Bado."

Basi nikamwita fundi aje awe shahidi wangu. Aliziwasha, akatazama mwanga ukutani, akacheka. "Kazi safi, bibie msomi. Wallahi utanikosesha ugali."

"Basi mwambie baba!"

Hapo ndipo aliponiuliza lile swali. Nilidhani ananitania, nikamwonyesha mita.

"Mita haiendeshi gari," akasema, akajifuta mikono, akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo, baada ya adhana ya magharibi, baba aligonga mkokoteni karibu na soko. Mwenye mkokoteni akavunjika mguu. Watu wakajaa, wakizilaani taa. Nami nilipofika nikasimama mbele yao nikasema, "Taa ni nzima. Dereva ndiye hakutazama."

Baba alinisikia. Akanikabidhi ufunguo, na hakuendesha tena.

Mwanangu, mtu akikulalamikia kitu, ukishakitengeneza na bado analalamika, kiache kile kitu umgeukie yeye. Muulize anaona nini, kisha unyamaze ungoje, hata kama jibu litachelewa. Mimi nilikuwa na maswali ya kila kitu isipokuwa hilo moja. Mungu akujaalie subira kwa wazazi wako, na auzuie ulimi wako pale unapokuwa na hakika.

Baba alipofariki, mama alinionyesha kadi ya hospitali ya baba. Daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, wiki mbili kabla baba hajanipa ufunguo nizitengeneze zile taa.