Ngoja Nimalize

Kwenye kijiwe cha bodaboda pale stendi ya Masasi hakuna anayemwita Nasibu kwa jina lake. Wanamwita Ngoja Nimalize. Abiria akishuka kwenye basi na mabegi yake, vijana wanapiga kelele: "Mpelekeni kwa Ngoja Nimalize, huyo hana haraka!" Wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mwenyewe anacheka nao, anapiga kiki pikipiki yake, anaondoka. Anacheka vizuri tu. Usoni humwoni kitu, kumbe kila akiitwa hivyo anatoneshwa kidonda. Na wala wanaomwita si watu wabaya. Hawajui. Jina hilo amewapa yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mchana kweupe, mbele ya jeneza. Tuseme tu kweli, alikitafuta.

Jeneza lilikuwa la Arthur.

Arthur alikuwa mtoto wa Lulindi, wa nyumba ya kanisa, mwembamba, mwenye maneno mengi. Nasibu alikuwa wa Masasi mjini, wa watu wa dukani na shambani. Walikutana sekondari, na siku walipoulizana koo wakagundua kwamba koo zao ni watani tangu enzi za mababu. Basi, imekwisha hiyo. Hawakuitana tena majina, ikawa mtani huku, mtani kule. Mtani anaweza kuondoka na viatu vyako ukabaki peku na usimfanye kitu. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kwako, anavaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anayamwaga mabaya yako yote mbele ya watu, na wafiwa wanacheka na machozi yao machoni. Mpaka apewe chochote ndipo anakubali uzikwe. Na anachosema mtani siku hiyo hakishikwi. Hakuna kesi, hakuna kinyongo. Ndivyo ilivyo.

Kila mwaka, mikorosho ikianza kuchanua, walipanda pamoja Newala kutafuta riziki. Arthur alibeba pampu mgongoni na kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kwenye mashamba ya watu. Nasibu alipeleka mifuko ya salfa na madumu ya petroli kwa pikipiki yake. Arthur alikuwa na pumu tangu utotoni. Mtu wa pumu kupuliza salfa, jamani! Lakini kazi iliyokuwepo ndiyo hiyo, naye alijifunga puani kipande cha kitenge cha mama yake na kusema kinamtosha.

Jioni walikwenda kwenye kibanda cha gemu cha Muharami, Newala mjini. Runinga nne, mabenchi, na vumbi jekundu mpaka kwenye pedi za kuchezea. Kulikuwa na gemu moja lenye jina refu la Kizungu, wao waliliita Kujibanza. Ni gemu la askari wa miaka ijayo, waliovaa mavyuma mpaka shingoni, wako kwenye dunia nyingine isiyo na hata mti. Ardhi inapasuka, yanatoka madude yenye meno, na ukiyapiga damu inaruka mpaka inachafua kioo chote. Siti, mke wa Muharami, aliyekuwa akiuza chapati mlangoni, alikigeuza kiti chake kikatazama barabarani ili asiione. Alisema watu wazima wanaolipa hela ili waone utumbo wana jambo kichwani.

Kwenye gemu hilo ukisimama wazi umekufa. Kazi yote ni kujibanza: unakimbilia ukuta uliobomoka, unaegemea, unachungulia, unapiga, unarudisha kichwa. Mnacheza wawili, kioo kimegawanywa katikati. Mmoja akipigwa hafi papo hapo. Anatambaa, anainua mkono, na mwenzake ana sekunde chache za kutoka mafichoni, akimbie katikati ya risasi, amwinue.

Arthur alikuwa na shabaha lakini pia alikuwa na pupa, akawa anaanguka kila baada ya dakika mbili. "Mtani, niinue!" Na Nasibu anatoka. Hata kama risasi zinanyesha, hata kama watu nyuma ya benchi wanamwambia mwache afe huyo mjinga, anatoka. Muharami alisema hajaona mtu anayemtokea mwenzake namna ile. Misimu miwili walikwama hatua ya mwisho, kwenye dude moja kubwa kama ghala la korosho. Wakaapizana kwamba hakuna atakayelimaliza peke yake. Watalimaliza wote au wataliacha.

Mwezi wa saba mwaka juzi, alfajiri, Nasibu alimshusha Arthur Chilangala, kwenye shamba la Mzee Bartholomayo, kisha akarudi mjini kufuata salfa ya kuongezea. Mwendo wa nusu saa. Dukani akaambiwa mwenye ufunguo wa ghala ametoka, asubiri. Akasubiri mpaka jua likapanda. Akaona kibanda cha Muharami kimeshafunguliwa. Akajiambia, nipoteze dakika chache tu.

Alicheza peke yake, na nafasi ya Arthur akaiacha mashine ijichezee. Na siku hiyo mambo yalimnyookea kama ambavyo hayajawahi. Kila alipochungulia alipiga, kila alipopiga ilipata. Akafika hatua ya mwisho. Watu wakaanza kujaa nyuma yake. Hata Siti aligeuza kiti.

Hapo ndipo simu ikalia. Ilikuwa pajani, na kwenye kioo chake pameandikwa MTANI.

"Ngoja nimalize," alisema Nasibu, akaigeuza kifudifudi. Watu wakacheka.

Ikalia mara ya pili. Dude lilikuwa limebakiza mkono mmoja.

"Ngoja nimalize, bwana!"

Ikalia mara ya tatu, ikalia sana, halafu ikanyamaza.

Gemu hilo lina kifungo cha kusimamisha. Kiko hapo kwenye pedi, kidole gumba kinakifikia bila kunyooka. Unabonyeza, risasi zinasimama hewani, unapokea simu yako, unaongea mpaka uchoke, unarudi unakuta kila kitu kinakungoja. Nasibu alikijua kifungo hicho kama anavyoujua mlango wa kwao. Hakukibonyeza. Alidhani Arthur anataka kumgombeza kwa sababu salfa imechelewa. Na zaidi ya hapo aliona haya. Angempokeaje mtu ambaye kiapo chao ndicho alichokuwa akikivunja dakika ileile? Basi akajibanza, akapiga, dude likaanguka, kibanda kizima kikalipuka kwa kelele. Alipigwa mgongoni mpaka akakohoa.

Alipompigia Arthur, simu iliita bila kupokelewa. Mara ya nne ikapokelewa na Mzee Bartholomayo. Alisema neno moja tu: "Njoo."

Alimkuta Arthur chini ya mkorosho, amelazwa chali, kitenge kimeshushwa shingoni, salfa ya njano kwenye kope na nywele. Kifua kilikuwa kimembana ghafla. Shamba liko ndani, mbali na barabara, na aliyetumwa kijijini kutafuta pikipiki nyingine alirudi nayo wakati haina kazi tena.

"Alikuwa anakupigia wewe," alisema Mzee Bartholomayo. "Alisema mtani wangu yuko mjini, atakuja sasa hivi."

"Simu iliisha chaji, mzee," alisema Nasibu.

Simu ilikuwa mfukoni mwake, na chaji asilimia sitini. Huo uongo aliutoa haraka mno, wala hakuufikiria, na ukishatoka utaurudishaje?

Usiku ule hakulala. Alikula kiapo kingine, kwamba kabla Arthur hajafukiwa atamwambia mama yake ukweli wote, wa gemu, wa simu, wa kifungo. Amfanye atakavyo. Kesho yake asubuhi alifika Lulindi akakuta watu wamejaa uani. Akaenda moja kwa moja ndani, akapiga goti mbele ya mkeka aliokalia Mama Agatha, mama yake Arthur.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa imemkauka. Alimtazama sana. "Nasibu. Ulikuwa wapi?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa umefunguliwa, apite tu. Nasibu aliwaona akina mama waliozunguka mkeka, wote wamemtolea macho.

"Simu, mama," alisema. "Iliisha chaji."

"Haya," alisema Mama Agatha, akageukia ukutani.

Alitoka nje amelowa jasho. Wazee wakamwita: mtani wa marehemu ni wewe, utuondolee huzuni, usituangushe. Wakamletea suruali ya kazi ya Arthur, kile kitenge na pampu tupu. Na hapo Nasibu akapata wazo, akaliona zuri. Alichoshindwa kukisema mkekani atakisema pale kaburini, mbele ya watu wote. Atajivua nguo kabisa. Alijiona shujaa, masikini.

Jeneza lilipowekwa kando ya kaburi, mchungaji akiwa hajafungua kitabu, Nasibu alitokea nyuma ya watu amebeba pampu, anakohoa kikohozi cha Arthur, anatembea kwa pupa ya Arthur. Vicheko vikaanza. Akashika mpini wa jembe kama bunduki, akajibanza nyuma ya jeneza, akachungulia, akapiga, akarudisha kichwa. Watu hoi! Binamu wa marehemu alikaa chini kabisa kwa kucheka. Kisha akaanguka, akatambaa kwenye udongo mwekundu, akainua mkono.

"Mtani! Mtani, niinue!"

Hapo wengine walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Nasibu akaruka akakaa upande wa pili, sasa amekuwa yeye mwenyewe, ameshika pedi ya hewani.

"Simu inalia!" alipiga kelele. "Ni Arthur! Anakufa! Ngoja nimalize!"

Watu wakaangua kicheko.

"Inalia tena! Ngoja nimalize, bwana!"

"Ngoja nimalize!" waliitikia vijana.

"Mara tatu! Alinipigia mara tatu, nilikuwa nacheza gemu! Simu ilikuwa na chaji! Nimemuua mimi, jamani, nisikilizeni, ni mimi!"

Machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli, na kamasi. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba tangu azaliwe hajaona mtani anayejua kulia kama huyu. Mchungaji alificha mdomo kwa kitabu cha sala. Nasibu alizidi kupiga kelele kwamba hatanii, na kadiri alivyosema hatanii ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu mtani gani mzuri asiyesema hatanii? Wakamletea sahani yenye noti na sarafu, wakamsihi amwachie marehemu azikwe. Mikono miwili ikamwinua, sahani ikatiwa kwapani mwake, na Arthur akashushwa.

Katika watu wote ni mmoja tu ambaye hakucheka.

Walipotoka makaburini Mama Agatha alimwita Nasibu nyuma ya jiko. Alikuwa amesimama peke yake, amejifunga kanga kifuani.

"Umewachekesha watu," alisema.

"Mama, sikuwa natania. Yale niliyosema..."

"Najua."

Alifungua pindo la kanga, akatoa simu ya Arthur. Unga wa njano ulikuwa bado umo kwenye vitufe.

"Niliipata jana, walipomleta. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na kumi na mbili. Saa nne na kumi na tisa. Zote kwako. Na simu iliyozima haiiti, Nasibu. Mzee Bartholomayo alikuwa amempakata, alisikia inaita." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Leo asubuhi nilikuuliza ulikuwa wapi. Nilikuuliza makusudi. Ungeniambia ningekupiga. Ningekung'ata, wallahi. Halafu labda ningekusamehe, labda nisingekusamehe, lakini ungekuwa umenijia mimi mama yake."

"Nilitaka kusema mbele ya watu wote, mama."

"Ulitaka kusema mahali ambapo hakuna wa kukushika. Maneno ya mtani hayashikwi, unalijua hilo tangu unanyonya. Sasa nikushike vipi? Nikikulaumu nitaambiwa mama wa watu hajui utani. Nikikusamehe, nakusamehe nini? Wewe umetania, na hela umepewa."

Nasibu alijaribu kupiga goti. Mama Agatha akamshika mkono akamzuia.

"Arthur alinihadithia hilo gemu lenu mpaka nikachoka. Aliniambia humo kazi ni kujificha, kila mtu anajificha. Lakini Nasibu, mama, Nasibu anatoka. Nikianguka, Nasibu anatoka. Alijisifia hivyo kama mtu aliyepata cheo." Aliifunga tena simu kwenye pindo la kanga. "Leo umejificha nyuma ya jeneza lake."

Kule uani kijana mmoja alipaza sauti, "Ngoja nimalize!" na kicheko kikazunguka sufuria zote za wali.

"Nenda kale," alisema Mama Agatha. "Mtani haondoki msibani na njaa."

Akaenda. Walimpisha kwenye mkeka, wakampa sahani iliyojaa mpaka pembeni, akala yote, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama, na kila aliyepita alimpiga begani akamwambia kazi nzuri, mtani.