Jezi ya Upande wa Pili

Jina la Mama Geuza alijitafutia mwenyewe. Kila mechi ilipokwisha, mfuaji huyu wa timu ya wanawake alisimama na beseni mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, na hakupokea jezi ambayo mchezaji hajaigeuza ndani ikawa nje. Namba ikisuguliwa hubanduka.

"Geuza!"

"Na kocha je, Mama, tumgeuze?" wasichana walimtania.

"Huyo hana namba ya kubanduka. Lete jezi."

Kicheko kiliishia uwanjani. Nyumbani alikuwa na vyumba viwili, kamba za kuanikia uani, na redio dirishani. Binti yake, aliyejifunza kufua kwenye beseni hilohilo, aliondoka misimu miwili nyuma kwenda kuchezea klabu ya upande wa pili wa mji. Siku ile mama alipandwa na hasira akamwambia, "Jezi hiyo isikanyage nyumbani kwangu." Binti alilichukua neno kama lilivyo. Hakurudi, wala hakupiga simu. Mama naye alijaribu kulimeza neno lake, halikushuka.

Kisha likaja Kombe. Timu ya Mama Geuza ilisonga mbele kwa kuchechemea: robo fainali iliponea chupuchupu kwenye tope, nusu fainali ikaokolewa na mikwaju ya penalti. Wale wa upande wa pili walipita bila kufungwa hata bao, na redio haikuchoka kumsifu winga wao, namba kumi na moja. Kila alipotajwa, Mama Geuza aliacha kusugua, povu likimkaukia mikononi. Walipotangazwa kuwa ndio wapinzani wa fainali, hakulala vizuri. Angemwona. Je, yeye angeonwa?

Siku ya fainali, namba kumi na moja ndiye aliyefunga bao la pekee. Benchi zima lilijishika vichwa. Mama Geuza aliinama akajifanya anapanga chupa za maji, maana uso wake ulitaka kucheka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, alisimama mlangoni na beseni lake. Kule katikati ya uwanja binti alibebwa juujuu na wenzake. Hakutazama upande huu. Jezi zikajaa. Wa mwisho alikuwa nahodha, macho mekundu, mkononi ameshika jezi ya rangi ngeni.

"Tumebadilishana na yule aliyetufunga. Nifulie, Mama, nitaipitia kesho."

"Geuza kwanza."

"Mbona imeshageuzwa? Kaigeuza mwenyewe kabla ya kunipa. Nikataka kuivaa palepale, akanikataza. Eti nikupe wewe ukaifue nyumbani."

"Alisema nyumbani kwangu, au nyumbani?"

"Nyumbani tu. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Kapumzike."

Uwanja ulikuwa umebaki mtupu alipotoka, na basi la washindi limekwisha kuondoka.

Jezi za timu aliziacha zimelowekwa. Ile ngeni aliifua peke yake, akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Hakuianika uani. Alifungua chumba cha binti yake, akafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlangoni, akaitundika. Ilidondosha matone sakafuni, naye akaisogezea beseni chini yake. Kisha akabana kibanio cha pili begani, akalinyoosha pindo kwa kiganja.