Zamu ya Kinyozi

Kinyozi wa Gihosha huapa kwamba yeye havuti sigara, ni mtu wa shisha tu. Lakini mrija ukishapita kwa aliyekaa jirani yake, vidole vyake huanza kukata hewa kama vimeshika mkasi, kisha huzama mfukoni na kutoka na sigara. Jana, wakivuta shisha na marafiki, mchumba wake, Assia, alikaa mbele yake. "Ukiwasha hata moja, mi narudi kwetu, na harusi hakuna." Mrija ukapita. Vidole vikakata hewa. Akajikaza, akaanza kusimulia habari za mteja aliyesinzia kitini akanyolewa nyusi, mikono yote miwili ikirukaruka, watu wakivunjika mbavu. Mrija ukamrudia. "Zamu yako, chéri," Assia akasema. Kinyozi akausukuma pembeni. "Ngoja kwanza, sijafika kwa nyusi ya pili."