Gimbi Mkononi mwa Mwanangu

Mwanangu alikuwa ameota meno mawili tu, ya chini, mjomba alipoamua kwamba aache ziwa.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba juu yake hupita neno la baba. Baba mwenyewe hakuwapo. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kwenda kufanya kazi ya reli, na hatukujua kama yu hai. Siku hiyo mjomba, kaka yake mama, alipanda kutoka mjini akiwa mchangamfu kuliko nilivyomzoea. Alisema mke wa akida amejifungua lakini maziwa hayatoki. Mtoto anapewa ya mbuzi nayo yanamharisha, kwa hiyo anatafutwa mwanamke wa kumnyonyesha. Na akida, mtu wa pwani aliyewekwa juu yetu na Wadachi, amemwambia kwa kinywa chake kwamba katika dini yao watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu.

"Ndugu," mjomba alirudia, akimtazama mama. "Umesikia, dada? Nani atampeleka nduguye kubeba mizigo ya boma?"

Mama aliuliza mwanangu mimi atanyonya nini.

"Atakula. Ana meno."

"Mawili."

"Mengine yako njiani."

Mimi sikuulizwa. Mbele ya mjomba nilikuwa mtu wa kutazama sakafu, na siku hiyo niliitazama kama kawaida, mtoto akiwa amelala na ziwa langu mdomoni. Mke wa akida alikuwa ametoa sharti moja, kwamba nishuke peke yangu, kwa sababu maziwa ya wawili hayamshibishi hata mmoja. Mama alichoweza kuomba ni tungoje mwezi uandame. Mjomba alikubali kwa shingo upande.

Basi tukaanza kumfundisha mtoto kula kwa mkono wake. Uji alikuwa ameukataa, anautema wote kifuani, na mama alisema mtoto anayekataa kulishwa mpe ajilishe. Alichimba magimbi kando ya kijito akayachemsha tangu asubuhi hadi jua likawa utosini, maana gimbi lisiloiva huwasha koo hata la mtu mzima. Kila mara aliuma kwanza yeye, akakaa kimya kidogo akisikiliza koo lake, ndipo akakata kipande kirefu kama kidole, kitokeze juu ya ngumi ya mtoto.

Mara ya kwanza mwanangu alijichoma nacho jichoni. Mara ya pili kuku alikinyakua, na mtoto akacheka akidhani ni mchezo. Kisha akakifikisha mdomoni, akakifyonza kama anavyonifyonza mimi, kikakatika, naye akapaliwa. Nikamrukia nikitaka kukitoa kwa kidole changu.

"Mwache," mama alisema, akanishika mkono. "Anayekohoa njia yake iko wazi. Mwogope aliyenyamaza."

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akakitema, akakiokota, akakirudisha mdomoni. Mama akamsifu. Mimi nilitamani ashindwe. Kila kipande kilichoshuka kilikuwa kinanisukuma nje ya mlango.

Baada ya gimbi alipewa ndizi mbivu iliyookwa majivuni, kisha boga, kisha kiazi kitamu kilichopondwa na kufinyangwa kidonge. Alijifunza upesi. Lakini jioni alirudi kwangu, akaning'ang'ania nguo, na mama akaona haitoshi. Alikata shubiri akanipaka kwenye chuchu. Mtoto alinyonya mara moja, uso ukakunjamana, akanitazama. Hakulia papo hapo. Alinitazama kwanza, kama anayengoja nimweleze, kisha akajaribu ziwa la pili.

Wanawake wengine wakimlikiza mtoto, wakimwachisha ziwa, huyafunga maziwa kwa kitambaa yakauke. Mimi yangu hayakutakiwa kukauka. Mama alinipaka shubiri kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akanipa uji wa karanga ili yazidi kujaa, na nilipofura nikakamulia chini, penye majivu. Mtoni wenzangu walinicheka. Mmoja alisema ng'ombe wa akida anaoga leo, tusimchafulie maji, atachelewa kukamuliwa. Nilicheka nao kwa kuwa sikujua kufanya jambo lingine.

Mwezi ulipoandama nilishuka Morogoro na mjomba. Kule kwa akida kitu cha kwanza nilichopewa ni ndimu na maji ya moto. Mke wa akida alisimama mlangoni akiangalia nikisugua kifua.

"Sugua vizuri, yaya," alisema. "Mwanangu asije akaonja uchungu wako."

Hakuwa mkali. Alinipa kanga mpya, na chakula changu kilikuwa kizuri kuliko cha nyumbani. Mtoto wake alinyonya kwa pupa, akanenepa. Nilimtazama anenepe.

Masika yalikuwa yameanza mjomba alipokuja. Askari wa boma walikuwa wamefika kwetu kutafuta wapagazi, na miongoni mwa waliotajwa walikuwamo wanawe wawili wa kiume na mpwa wake mwingine. Alileta kibuyu cha asali. Nilikuwa nyuma ya pazia, mtoto wa akida yuko kifuani, na nilisikia kila kitu. Mjomba aliongea kwa upole, akamkumbusha akida habari ya undugu.

"Kweli," akida alisema. "Mtoto wangu na mtoto wa mpwa wako hawataweza kuoana. Ziwa linaharamisha ndoa, mzee. Mzigo haliuharamishi."

Nilingoja mjomba aseme, basi nipe mpwa wangu, twende zetu. Ningeondoka na nguo niliyovaa. Nilisikia akiweka kibuyu chini, akashukuru, akaaga. Sauti yake haikuwa ile niliyoizoea kule juu. Hakuuliza niko wapi.

Nilikaa karibu miaka miwili, mpaka mtoto wa akida alipolikizwa, na huyo hakupakiwa shubiri. Aliachishwa polepole, kwa mkate na maziwa ya ng'ombe, akikaa mapajani pangu.

Nilipopanda kurudi, mwanangu alikuwa anatembea. Nilimkuta ameketi kando ya jiko, kinywa kimejaa meno, mkononi ana gimbi. Mama alimwambia, "Mama yako amekuja." Akageuka akamtazama bibi yake, maana aliyemwita mama ni yeye.

Niliketi mkekani nikafungua kanga. Maziwa yalikuwa yamebaki kidogo, nilikuwa nimeyatunza njia nzima kama mtu anavyotunza kaa la moto. Aliyaangalia bila haja yoyote. Kisha, kwa adabu aliyofundishwa, akaligawa gimbi lake katikati, akanisogelea, akanipa kipande kikubwa.

"Karibu, mgeni," alisema.

Mama aliinama akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nilikula. Lilikuwa limeiva sawasawa, halikuniwasha.