Shemeji alitaka binti yake "arekebishwe" hapa Joburg, yaliyotokea kwa mwanasaikolojia sijayasahau

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa na akili zangu timamu. Asiyeamini apite kimya kimya.

Nafanya kazi ya ulinzi hapa Joburg, nakaa chumba cha uani kwa dada yangu, Kensington. Mumewe anashona suti. Tumwite shemeji.

Wana binti mmoja, anamaliza sekondari. Kazaliwa hapa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akikasirika anahamia Kizulu. Tulishamzoea.

Sasa siku moja akamwambia mama yake kwamba yeye anapenda wasichana wenzake.

Eish. Dada alilia mpaka sauti ikakauka. Shemeji hakulia, alipiga simu kwa kaka yake Mbeya. Sebuleni, sauti juu, binti yuko pale pale kwenye kochi anachezea simu yake.

Wakapanga kila kitu. Kuna kambi ya maombi huko, watu wanalazimishwa kufunga, mkorofi anafungwa kamba. Binti aambiwe bibi anaumwa, anataka kumwona. Tiketi ya basi ya Tunduma ikakatwa.

Mimi nilikuwepo, nakula ugali wangu. Hakuna aliyeshusha sauti. Ashushe ya nini, mtoto si hajui Kiswahili?

Shule nao walipopata habari, wakashauri aonwe kwanza na mwanasaikolojia. Shemeji akakubali fasta, akidhani huko nako wanarekebisha. Dada hakuwa na nguvu ya kwenda, nikaenda mimi na shemeji na binti.

Ofisi iko maeneo ya Newtown. Na nyie wa kusema haya mambo ni ya wazungu, tulieni. Mwanasaikolojia mwenyewe ni mama wa Kizulu, mzaliwa wa Soweto, mtu mzima, kajifunga kitambaa kichwani kama mama mchungaji.

Akatusikiliza. Kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba mtoto huyu si mgonjwa na yeye habadilishi mtu. Kazi yake ni kumsaidia aishi bila kujichukia, na sisi tujue kukaa naye.

Nilishtuka. Shemeji alishtuka zaidi. Akanigeukia, binti katikati yetu, akaniambia kwa Kiswahili:

"Huyu naye kapotea. Mwache amalize maneno yake, Jumamosi mtoto anapanda basi."

Binti akainua uso.

"Baba, nasikia. Nimesikia yote tangu siku ile ya simu."

Kiswahili, wakuu. Kimenyooka, tena na lafudhi ya baba yake.

"Bibi haumwi. Mnanipeleka nikafungwe kamba. Ningepanda tu hilo basi. Halafu pale mpakani Beitbridge, watu wakishuka kugonga pasi, ningeondoka. Msingenipata tena."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja vitu vya kununua kwenye duka la spaza.

Shemeji alikuwa anamtazama kama mgeni. Yule mama hakuelewa hata neno moja, lakini hakuuliza. Alisogeza boksi la tishu upande wa shemeji.

Kurudi, shemeji ndiye aliyeendesha. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikawaka kijani, gari limesimama tu, watu wanatupigia honi.

Tulipofika, shemeji akakaa sebuleni pale pale, akampigia kaka yake, sauti ile ile. "Mtoto haji. Nimesema haji." Akakata.

Binti alikuwa kwenye kochi. Akasema, "Asante, baba."

Tusidanganyane, shemeji bado hajalimeza hili jambo. Ila kila wiki anampeleka kwa yule mama, anaingia naye, anakaa.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto asipokujibu kwa lugha yako, usidhani hakusikii. Tulikuwa tunampoteza huku tunamtazama.

Uwanja ni wenu, na matusi ya humu nimeshayazoea. Ila wewe mwenye watoto huku ughaibuni, kabla hujaandika, kumbuka simu yako ya mwisho ya nyumbani. Uliongea nini mbele yao?