Samaki Nilimla Mimi, Lawama Nikambebesha Paka

Jamani, nimekosa. Nasema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana nikipewa nafasi mimi hodari sana wa kujitetea. Jina langu lifichwe. Mimi ni mtu wa Kiegeani, Mafia, na Kiegeani ukikohoa asubuhi, adhuhuri watu wanakuja kukuuliza hali.

Nimemdhulumu paka. Msicheke! Paka ni kiumbe, na dhuluma ni dhuluma.

Mke wangu, nimwite Mama Nasra, ni muuguzi. Alipata kazi ya kutunza wazee Uskoti, katika mji mmoja wa pwani, tukahama sote watatu, yeye, mimi na binti yetu Nasra. Yeye alikwenda na kazi yake, Nasra akaenda na shule yake. Mimi nilikwenda kama begi la mkononi.

Mwanzo ulinitoa jasho kwenye baridi. Mama Nasra anatoka alfajiri, mimi nabaki napika, nafua, natafuta kazi, nakosa. Nikitoka nje nasalimia kila ninayekutana naye, kama nilivyolelewa. Mama mmoja alivuka barabara kunikimbia! Nikarudi ndani nikajisalimia mwenyewe kwenye kioo.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni samaki. Bahari iko pale, naiona dirishani, halafu samaki tunamnunua dukani kwenye boksi. Hana kichwa, hana mkia, hana mwiba. Wa pembe nne! Siku moja Nasra akaniuliza, "Baba, samaki wa huku hawana macho?"

Niliona aibu jamani. Mimi, mtoto wa mvuvi, mjukuu wa mvuvi, binti yangu amesahau samaki ana macho. Nikaapa moyoni kwamba lazima niingie nyumbani na samaki mzima, aliyepatikana kwa nguvu zangu, siyo kwa kadi ya benki ya mke wangu.

Sasa niwatajie mtu wa muhimu, mwenye nyumba wetu. Nitamwita Mzee Makoti, kwa sababu alikuwa anavaa mawili kwa mpigo. Tulikataliwa nyumba nyingi kabla yake. Yeye alituangalia, akamwangalia Nasra anavyotetemeka, akasema ingieni. Sisi tunakaa juu, yeye anakaa chini. Alituonyesha mashine ya joto inavyowashwa, akamletea Nasra kofia ya sufu. Mji mzima ule, rafiki tuliyekuwa naye ni yeye tu.

Mzee Makoti ni mjane. Aliachiwa na marehemu mkewe paka mmoja mnene wa rangi ya kahawia, anaitwa Biskuti. Alikuwa anazungumza naye kutwa. Sakafu yetu ndiyo dari yake, kwa hiyo tulikuwa tunawasikia. "Biskuti, leo mvua." "Biskuti, chai imepoa." Nami nilikuwa nawaza, angalau na yeye ana wa kumsalimia.

Basi Jumamosi moja nikashuka ufukweni. Nikakuta watu wamejaa, na vyombo vidogo vinarudi kutoka kuvua. Moyo ukaruka! Mara namwona Mzee Makoti naye anafika na kimashua chake, wenzake wanakivuta kwenye mchanga, kimekwama. Sikuuliza. Nilivua viatu, kwenye baridi ile, nikashika ubavu wa chombo nikaanza kuitisha kama kwetu: "Haya vutaaa! Haya mamaaa!" Wale Waskoti walicheka, lakini waliitikia, na kimashua kikapanda juu.

Nilijisikia mwanamume tena. Kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Sasa sikilizeni vizuri, kosa langu limekaa hapa. Kwetu ukisaidia kuvuta chombo, una kitoweo chako. Hakuna kuomba wala kuandikiana. Mwenye chombo akiwa ameshughulika, unainama, unachagua samaki wako wa kiasi, unamwinua juu aone. Akiitikia, unakwenda zako na dua unamwombea.

Nikaangalia. Watu wote, na Mzee Makoti mwenyewe, walishakwenda kwenye meza moja ya mbali, wanakunywa chai. Ndani ya kimashua kulikuwa na visamaki vidogo vidogo na samaki mmoja mkubwa, mnene, mdomo kama wa chewa. Nilitaka kuchukua kadogo. Wallahi nilitaka kadogo! Lakini nikakumbuka nani aliyeitisha.

Nikamwinua yule mkubwa juu. Mzee Makoti akageuka kule mezani, akaninyooshea kidole gumba.

Ruhusa gani tena hiyo? Nikapiga bismillah, nikampakata kama mtoto mchanga, nikapita njia ya nyuma kwenye miamba mpaka nyumbani.

Nasra alipomwona aliruka. "Baba, ana macho!" Nikampika kwa nazi ya kopo, limau, bizari na pilipili ya kwetu tuliyobeba. Mama Nasra aliporudi kazini akasimama mlangoni, amefumba macho, ananusa tu. Akaniambia, "Baba Nasra, leo nimerudi nyumbani." Neno hilo ningelisikia mwaka mzima nisichoke.

Tumekaa tunakula, mlango ukagongwa. Mzee Makoti! Macho mekundu, kofia mkononi. Na kwetu mtu akikukuta unakula humwachi mlangoni. Nikapaaza sauti, "Karibu, karibu chakula!" Mama Nasra akamwekea sahani.

Akala. Akala tena. Akaomba aongezwe. Kisha akaweka kijiko akasema, "Rafiki yangu, leo nimeibiwa."

"Umeibiwa nini, mzee wangu?"

"Samaki."

Kumbe yale yalikuwa mashindano! Kila mwaka wanakwenda kuvua, wanapima, mwenye samaki mzito kuliko wote anapewa kikombe. Mzee Makoti hajawahi kushinda. Marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba akishinda, yeye ataacha kuvuta sigara. Mzee alikwishatenga nafasi ya kikombe kabatini, pembeni ya picha ya mkewe. Mwaka huu ndio alipata samaki wa ushindi. Alikwenda kuwaita wenye mizani, aliporudi samaki hayupo.

"Nani anaiba samaki?" akauliza, huku anaongezwa mchuzi mara ya pili.

Mama Nasra aliacha kutafuna. Akaniangalia. Yale macho hayahitaji tafsiri.

Hapo ndipo ningesema, "Mzee, ni mimi, nisamehe." Yangekwisha. Lakini nilimwona Nasra kwenye baridi, tumefukuzwa, mabegi barabarani. Nilimwona Mzee Makoti, mtu pekee anayenijibu salamu, ananipita bila kunitazama. Ulimi ukaniponyoka.

"Labda paka," nikasema. "Nilimwona paka pale karibu na chombo."

"Paka wa namna gani?"

Ningeweza kusema mweusi. Ningeweza kusema mweupe! Lakini mtu mwongo asiyejiandaa husema kile anachokiona, na Biskuti alikuwa amemfuata mzee, amekaa mlangoni, ananitazama.

"Wa kahawia," nikasema. "Mnene."

Mzee Makoti akageuka pole pole. "Biskuti?"

Biskuti akajilamba mguu. Basi akahukumiwa pale pale.

Alipoteremka, Mama Nasra akafunga mlango. "Hivi wewe mwanamume una akili timamu? Umembeba samaki wa mtu, ukamlisha mwenyewe samaki wake, halafu ukamsingizia paka wa marehemu? Shuka ukaseme."

"Nitashuka kesho."

"Shuka sasa."

"Kesho, Mama Nasra. Leo ameshiba, ataumia tumbo."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Mama Nasra akawa ananijibu kwa vichwa vya habari tu. Chumvi. Taka. Mlango.

Na paka? Masikini paka! Habari zilienea mji mzima. Watu wakawa wanamshangaa, eti ana nguvu gani za kubeba samaki anayemzidi uzito. Duka la mikate likabandika picha yake mlangoni, Biskuti haruhusiwi kuingia. Mzee Makoti akamfunga kengele shingoni. Ila lililonikata maini ni kule chini. Kimya! Mvua inanyesha, hakuna "Biskuti, leo mvua." Chai inapoa bila mtu kuambiwa. Mara moja tu nilimsikia akisema, sauti imekauka, "Mama yako angesemaje?" Na kengele ikalia kidogo.

Mimi nikafunika kichwa kwa mto.

Siku moja Nasra akapanda ngazi analia. Mzee Makoti amemwita dada yake anayekaa mbali na bahari, aje amchukue Biskuti, kwa sababu hawezi tena kumtazama. Nikachungulia dirishani, gari limefika, na tundu la kubebea paka liko kizingitini.

Nikateremka mbio, sijui nimevaa nini. Baadaye Mama Nasra aliniambia nilivaa kanzu juu ya koti, na kandambili.

"Mzee wangu!" nikapiga kelele. "Paka hana kosa! Samaki nilimchukua mimi!"

"Wewe?"

"Mimi. Nilivuta chombo, nikadhani ni kitoweo changu. Nilimwinua ukaninyooshea kidole!"

"Miwani ilikuwa mfukoni," akasema taratibu. "Nilidhani unaniaga." Kisha akauliza, "Yuko wapi samaki wangu?"

Nikainamisha kichwa. "Tumemla. Na wewe ulikula, mzee. Ile siku."

Akafikiri. "Ule mchuzi?"

"Ule."

"Niliomba niongezwe."

"Mara mbili, mzee."

Akachukua tundu, akaingia ndani, akafunga mlango. Dada yake akaondoka na gari tupu. Mimi nikapanda juu nikatoa mabegi chini ya kitanda. Mama Nasra alikunja nguo huku machozi yanamtoka. Kazi yake nzuri, shule ya mtoto, joto la nyumba, vyote nilikuwa nimeviuza kwa neno moja, paka.

Jioni Mzee Makoti akagonga. Hakuketi.

"Samaki ni samaki," akasema. "Sikasiriki kwa samaki. Nimeacha kusema na paka wangu kwa sababu yako, na ndiye peke yake anayejua sauti ya mke wangu."

Nililia, jamani. Sioni haya kuliandika.

Akatoa adhabu yake. Kwanza, niende kwenye klabu yao ya wavuvi nikaseme kwa mdomo wangu. Pili, kila Jumamosi nipike ule mchuzi, na samaki nitafute mwenyewe. Tatu, nimwombe radhi Biskuti, sasa hivi.

Nikapiga magoti kwenye zulia la Mzee Makoti, mtu mzima na ndevu zangu. Nikasema kwa Kiswahili, "Biskuti, nimekukosea, nisamehe kwa ajili ya Mungu." Biskuti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeuzia makalio, akenda zake. Mpaka leo hajanisamehe, na mimi simlaumu.

Kule klabuni walicheka mpaka mmoja akatolewa nje kupigwa upepo. Tangu siku hiyo mji mzima unanisalimia. Sasa wanavuka barabara kunifuata! Ila hawaniiti jina langu, wananiita Paka. Hata kazi nimepata, pale pale bandarini, na kitambulisho changu kuna mtu amekichorea masharubu.

Mnadhani yameisha? Likizo hii tumekuja Mafia, na Mzee Makoti tumekuja naye. Alisema anataka kuiona hiyo nchi ambayo watu wanajichukulia samaki. Juzi nilimpeleka ufukweni, ana soksi zake na kofia ya ukindu aliyopewa na mama yangu. Mashua ya kaka yangu ikafika. Kabla sijasema kitu, mzee kavua soksi, kashika ubavu, anaitisha: "Haya vutaaa! Haya mamaaa!" Ufukwe mzima ulianguka kicheko, lakini waliitikia.

Mashua ilipopanda, akaenda kwenye tenga la samaki. Akawaruka changu. Akawaruka tasi. Akachagua kolekole mmoja mkubwa kuliko wote, ambaye kaka yangu alikuwa amemtenga kumpelekea mkwewe, maana ndiyo kwanza wametoka kupatana baada ya ugomvi mrefu. Akamwinua juu kwa mikono miwili, akanitazama mimi.

Kaka akafungua mdomo. "Wewe, yule mgeni wako ana..."

"Nyamaza, kaka," nikasema. Nikamnyooshea mzee kidole gumba.

Sasa kaka hasemi na mimi, na mkwe hasemi na kaka. Mzee Makoti alikula sahani tatu, akaomba kichwa kikaushwe vizuri ampelekee Biskuti.

Ndugu zangu mnaohama na watoto wenu kwenda kwenye bahari za watu, nawausia. Nendeni na nazi, nendeni na pilipili, salimieni hata wasipojibu. Lakini kabla hujainama kuchukua, sogea karibu umuulize mwenyewe kwa mdomo, na umwambie avae miwani. Na kama umeshakosea, sema siku ile ile chakula kikiwa bado moto. Usimtupie mzigo asiye na ulimi wa kujitetea. Mimi nikirudi, kuna mmoja ananisubiri kizingitini, na kila nikipita ananitazama mfukoni, kama nimeficha samaki wa mtu.